Kuzuia chawa wa kichwa katika makao ya watoto: mwongozo kwa walezi

Kila shule zinapofunguliwa baada ya likizo, walezi wa makao ya watoto huuliza maswali yale yale. Tuliwapaka dawa wote, mbona chawa wamerudi baada ya wiki mbili? Tuwanyoe? Tutupe magodoro? Mtoto aliyeletwa jana alale wapi? Mwongozo huu unajibu maswali hayo kwa mpangilio wa kazi. Umeandikwa kwa ajili ya nyumba yenye watoto wengi, walezi wachache na maji ya ndoo.

Shika jambo moja kabla hujanunua chochote: dawa ni sehemu ndogo ya kazi. Kinachomaliza chawa ni kukagua vichwa vyote siku moja, kuwatibu wote waliokutwa nao siku hiyo hiyo, na kurudia baada ya siku 9. Nyumba inayotibu watoto watano leo, wanne Jumatano na wawili wiki ijayo itanunua dawa mwaka mzima.

Mambo ya kujua kwanza

Chawa mzima wa kichwa ana urefu wa milimita 2 hadi 3, ukubwa wa punje ya ufuta. Haruki wala hana mabawa, anatambaa. Ndiyo maana huenea zaidi pale vichwa vinapogusana: watoto wawili kitanda kimoja, msichana anayesukwa kichwa kikiwa mapajani mwa mwenzake, watoto watano wamebanana kwenye simu moja. Kitana, kofia na hijabu vinaweza kumbeba, lakini hiyo ni njia ndogo zaidi. Akitoka kichwani hufa ndani ya siku 1 hadi 2 kwa kukosa damu.

Jike hutaga hadi mayai 8 kwa siku na kuyagandisha kwenye unywele, kwa kawaida ndani ya milimita 6 kutoka kwenye ngozi. Mayai huanguliwa baada ya siku 7 hadi 10, na chawa mchanga huchukua siku nyingine 9 hadi 12 kukomaa. Dawa nyingi huua wanaotembea na kuacha sehemu ya mayai. Ukirudia dawa siku ya 9, unawakuta walioanguliwa kabla hawajaanza kutaga. Ukichelewa wiki moja tu, umeanza upya.

Usisubiri mtoto ajikune. Anayepata chawa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, na muda wote huo anawaambukiza wenzake.

Uchafu hauleti chawa wa kichwa, na kuoga hakuwaondoi. Wafundishe hivyo wafanyakazi wote, hadi mpishi na mlinzi, kwa sababu neno moja la kejeli bwenini linatosha kumfanya mtoto afiche kichwa chake mwezi mzima.

Hakikisha ni chawa wa kichwa

Chawa wa mwili hukaa kwenye mishono ya nguo, si kichwani. Ukiona mtoto anajikuna kiuno, makwapa na mgongo, geuza nguo zake nje ndani na utazame mishono ya kola, kwapa na kiuno. Hawa ni hatari zaidi: hueneza tifasi (ugonjwa wa homa kali, tofauti na taifodi) na homa ya vipindi (homa inayopoa kisha kurudi), na ndio walioeneza tifasi katika kambi za watu waliokimbia vita nchini Burundi miaka ya 1990. Dawa ya nywele haiwasaidii. Mtoto aoge, abadilishe nguo zote, nguo zake zifuliwe kwa maji ya moto na mishono ipigwe pasi. Akiwa na homa, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kunguni wanakaa kwenye maungio ya kitanda na godoro, huuma mwili usiku, na hawaishi kwenye nywele. Usichanganye vita hivyo viwili.

Chawa au mayai kwenye kope za mtoto ni suala jingine kabisa. Hao mara nyingi ni chawa wa sehemu za siri, na kwa mtoto wanaweza kuwa dalili ya ukatili wa kingono. Dalili si uthibitisho, kwa hiyo usimhoji wala kumtisha, na usipake dawa yoyote machoni. Mpeleke kwa mhudumu wa afya na umjulishe afisa ustawi wa jamii.

Vitu vya kuwa navyo

- Kitana cha chawa, chenye meno ya chuma yaliyobanana (nafasi isiyozidi milimita 0.3). Vitatu au vinne vinatosha nyumba nzima, maana hivi ni vya mlezi.
- Chanuo la meno mapana, moja kwa kila mtoto, lenye namba yake iliyoandikwa kwa rangi ya kucha. Kalamu ya wino hufutika kwa mafuta.
- Kondishena ya kawaida. Isipopatikana, mafuta ya nazi yanatosha kulainisha nywele wakati wa kuchana.
- Dawa ya chawa kutoka duka la dawa lenye kibali: losheni ya permethrini 1% au dimetikoni 4%. Nunua ya awamu zote mbili kwa pamoja. Fedha ya awamu ya pili huwa inaishia sokoni.
- Tochi, vibanio, karatasi nyeupe au kitambaa cheupe, mabeseni mawili, taulo moja kwa kila mtoto, sufuria kubwa ya kuchemshia maji.
- Daftari lenye safu tano: jina, tarehe, kilichoonekana (hai, mayai, hakuna), kilichofanyika, tarehe ya kurudia. Daftari hili linakaa ofisini. Usibandike orodha ukutani.

Hatua

1. Weka siku ya kukagua. Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi asubuhi, kabla ya nywele kusukwa. Muda huo ni mfupi kuliko unaohitajika kwa yai kuwa chawa anayetaga, kwa hiyo unakamata kizazi kimoja kabla hakijazaa kingine. Ongeza ukaguzi siku watoto wanaporudi kutoka likizo au kutoka kutembelea ndugu.

2. Anzeni na walezi. Mlezi anayelala bwenini na kuwabeba watoto anaweza kuwa na chawa kama wao, na mara nyingi nyumba hutibu kila mtu isipokuwa yeye. Watoto wakiona mama mlezi anakaguliwa kwanza, hofu inapungua.

3. Kagua mmoja mmoja, pembeni. Kaa kwenye mwanga wa jua au karibu na dirisha. Maneno yawe machache na yale yale kwa wote: "Njoo mwanangu, nakagua kichwa chako kama nilivyokagua vya wenzako." Gawa nywele kwa kibanio na tazama nyuma ya masikio, kisogoni na utosini. Chawa hukimbia mwanga, kwa hiyo mara nyingi utaona mayai kwanza. Mba na mabaki ya mafuta huteleza ukiyagusa. Yai la chawa limeganda na halitoki mpaka ulivute kwa kucha. Kwa ukaguzi mkavu weka dakika 3 hadi 5 kwa mtoto: walezi wawili humaliza watoto 30 kwa saa moja na robo hivi.

Mwenye misuko hukaguliwa kwenye mistari ya kichwa na kwenye mizizi ya nywele. Ukiona dalili yoyote, misuko ifumuliwe yote. Kufumua nusu ni kupoteza muda, na dawa haifiki ngozini kupitia nywele za bandia zilizoshonewa.

4. Amua nani anatibiwa. Anayetibiwa ni mwenye chawa hai. Mayai yaliyo mbali na ngozi kwa zaidi ya milimita 6 karibu yote ni maganda au yamekufa, kwa hiyo mtoto huyo anachanwa na kukaguliwa tena, hapakwi dawa. Isipokuwa huyu: mtoto anayelala kitanda kimoja na mwenye chawa hai. Mtibu naye siku hiyo hiyo, hata kama hukuona kitu.

5. Paka dawa. Soma karatasi ya ndani ya boksi kwanza, kwa sababu dawa zinatofautiana. Kwa losheni ya permethrini 1%, kazi huenda hivi:

- Osha nywele kwa shampuu ya kawaida bila kondishena, mara mbili kama mtoto alipakwa mafuta mazito. Mafuta yakibaki kwenye unywele, dawa haishiki.
- Kausha kwa taulo hadi nywele ziwe na unyevu tu. Maji yakitiririka, dawa imezimuliwa.
- Mpe mtoto kitambaa afunike macho. Paka kuanzia kwenye ngozi kwenda nje, usisahau kisogo na nyuma ya masikio.
- Acha dakika 10 kwa saa, si kwa kukisia. Kuacha saa nzima hakuongezi nguvu ya dawa, kunaongeza muwasho.
- Suuza kwa maji ya uvuguvugu mtoto akiwa ameinama juu ya beseni. Usimsuuze akiwa anaoga, dawa itateremka mwili mzima.
- Usioshe tena kwa shampuu kwa siku 2.

Chupa ya mililita 60 kwa kawaida inatosha kichwa kimoja chenye nywele za kufika mabegani. Nywele nene huhitaji zaidi. Usigawe chupa kwa vichwa vitatu vyenye nywele nyingi ili kubana matumizi: utakuwa umewaudhi chawa tu.

Dimetikoni hufanya kazi kwa kumfunika chawa, haimpi sumu. Aina nyingi za 4% hupakwa kwenye nywele kavu, hukaa saa 8 au usiku kucha, na hurudiwa baada ya siku 7. Baadhi hushika moto, kwa hiyo mtoto aliyepakwa asikaribie jiko, mshumaa wala koroboi.

Mtoto wa chini ya miezi 2 hapakwi permethrini; mwondolee chawa kwa kitana na mkono. Mwenye vidonda vyenye usaha kichwani, mwenye pumu kali au mwenye mzio aonwe kwanza na mhudumu wa afya. Dawa ya maji ya upele ambayo wengi huijua kwa jina la BBE huchoma macho na ngozi iliyochubuka, hivyo isitumike kichwani kwa mtoto bila maelekezo ya mhudumu wa afya. Vidonge vya ivamektini navyo huandikwa na mtaalamu, na si vya mtoto aliye chini ya kilo 15.

6. Chana. Paka kondishena kwenye nywele mbichi, tenganisha kwa chanuo, gawa sehemu nne hadi nane, kisha pitisha kitana cha chawa kutoka kwenye ngozi hadi ncha. Kila unapovuta, futa kitana kwenye kitambaa cheupe na utazame. Nywele fupi huchukua kama dakika 10, ndefu dakika 20 hadi 30. Nywele za kipilipili zenye urefu wa zaidi ya sentimita chache zitagoma. Usilazimishe, ongeza kondishena na ufanye mafungu madogo zaidi.

Kuchana peke yake, bila dawa, kunafaa kwa watoto wadogo na pale dawa isipopatikana, ila kuna ratiba yake. Ukianza tarehe 3, chana tena tarehe 7, 11 na 15, kisha kagua tarehe 19. Ukiruka siku moja kati ya hizo, hesabu inavunjika.

7. Shughulikia nguo na matandiko, kwa kiasi. Ni vitu vilivyogusa kichwa ndani ya siku 2 zilizopita tu: shuka, foronya, taulo, kofia, hijabu, kanga ya kujifunika. Chawa na mayai hufa katika joto la nyuzi 54 na zaidi kwa dakika 5. Bila kipimajoto, changanya lita 10 za maji yanayochemka na lita 5 za maji ya bomba, tumbukiza nguo mara moja, funika, acha dakika 10, kisha fua kama kawaida na uanike juani. Kazi hii ni ya mtu mzima, na watoto wasiwe karibu na sufuria. Vitana na machanuo vitumbukizwe kwenye maji hayo hayo dakika 10.

Kisichofulika, kama mdoli wa manyoya, kifungwe kwenye mfuko wa plastiki wiki 2. Godoro lisilolaliwa siku 2 halina chawa hai. Anika na uendelee na mengine. Hakuna haja ya kulipulizia dawa wala kulitupa.

8. Rudia. Permethrini iliyopakwa Jumamosi tarehe 3 hurudiwa Jumatatu tarehe 12, jioni baada ya shule. Ikishindikana kabisa, Jumapili tarehe 11 ni bora kuliko kungoja Jumamosi ya tarehe 17. Kati ya awamu hizo, chana kila baada ya siku 2 au 3, na uendelee hadi wiki 2 zitimie.

9. Mpokee mtoto mpya bila kumtia aibu. Kagua kichwa ndani ya saa 24, faraghani, akiwa ameshakula na kupumzika. Akiwa na chawa, mtibu siku hiyo na umpe kitanda chake mwenyewe usiku huo, ndani ya bweni lile lile. Hahitaji chumba cha peke yake, na shuleni anaweza kwenda kesho yake.

Usimnyoe siku anayofika. Mtoto huyu huenda amepoteza nyumba, ndugu na nguo zake ndani ya wiki moja. Nywele zake zisiwe kitu cha nne kuchukuliwa bila kuulizwa. Kunyoa hufanya kazi, hilo ni kweli, na shule nyingi zetu zinataka nywele fupi. Basi kuwe sehemu ya utaratibu wa nyumba kwa wote, kwa ridhaa, kamwe kusiwe adhabu ya mmoja mbele ya wenzake.

Mkinyoa: wembe mmoja kwa kichwa kimoja, kisha utupwe, kwa sababu homa ya ini na virusi vya UKIMWI vinaweza kupita kwenye damu iliyobaki. Mashine ya kunyolea isafishwe nywele zote na kufutwa kwa spiriti ya 70% kati ya mtoto na mtoto, ikauke kabla ya kuwashwa. Mwenye mapunye asinyolewe kwa mashine ya wote, atibiwe kwanza.

10. Linda kati ya ukaguzi na ukaguzi. Panga vitanda ili watoto walale kichwa kwa miguu, hasa pale wawili wanapotumia kimoja. Kila mtoto awe na msumari au ndoano yake ya kutundikia kofia na hijabu, zisilundikwe kwenye kiti kimoja. Kusukana nywele kusipigwe marufuku, maana ndipo wasichana wanapozungumza na kupendana. Kuhamishiwe mchana wa Jumamosi, baada ya ukaguzi, kila mmoja na chanuo lake, na anayesukwa akae kwenye kigoda badala ya kulaza kichwa mapajani.

Usifanye haya

Usipake mafuta ya taa. Huunguza ngozi, hushika moto, na mtoto akivuta mvuke wake au akiyameza mapafu huharibika. Usitumie dawa ya kupulizia mbu au mende, dawa ya kuogeshea mifugo wala ya mazao, hata kidogo, hata ikiwa imezimuliwa. Ngozi ya kichwa cha mtoto hunyonya sumu hizo, na zinaweza kuua.

Usimpake dawa kila mtoto "kwa tahadhari" kila mwezi. Ni fedha inayopotea, ngozi inayochubuka, na chawa wanaozoea dawa. Siki na mwarobaini usivitegemee kumaliza mayai. Usichanganye dawa mbili kichwani siku moja.

Mambo yakienda kombo

*Saa 12 baada ya dawa bado kuna chawa.* Tazama mwendo wao. Wakitembea kwa kulegea, dawa inafanya kazi: chana, usipake tena. Wakikimbia kama jana, basi dawa imeshindwa au ilipakwa vibaya. Jiulize kwanza kuhusu mafuta ya nywele, maji mengi, na chupa iliyogawanywa. Kama yote yalikuwa sawa, rudi kwa mfamasia au zahanati mpate dawa ya aina nyingine. Kurudia ile ile hakutasaidia.

*Wanarudi baada ya wiki 2 hadi 3.* Karibu kila mara awamu ya pili ilichelewa au kuna kichwa kilichorukwa. Fungua daftari uone ni nani hakuwepo siku ya ukaguzi: aliyekuwa hospitali, aliyekwenda kwa bibi, mlezi wa zamu ya usiku.

*Ni mtoto yule yule kila mara.* Tafuta anakaa na nani, si anaoga mara ngapi. Nani humsuka? Analala na nani? Shuleni anakaa dawati moja na nani? Zungumza na mwalimu kwa faragha, pendekeza darasa zima likaguliwe siku moja, na usitaje jina.

*Anajikuna, lakini hakuna chawa.* Muwasho unaweza kuendelea siku kadhaa baada ya tiba kufanikiwa. Chana kwenye nywele mbichi uthibitishe, na ukikosa kitu, angalia mba, mapunye, upele au kuunguzwa na dawa.

*Vidonda vyenye usaha, harufu, tezi zilizovimba shingoni, au homa.* Kucha zimeingiza vijidudu kwenye ngozi. Peleka kituo cha afya. Huenda akahitaji dawa ya kuua bakteria kabla ya ya chawa. Kata kucha za watoto wote fupi wiki hiyo.

*Dawa imeingia machoni.* Suuza kwa maji safi mengi kwa dakika kadhaa mfululizo. Wekundu au maumivu yakiendelea, hospitali. Akimeza, mpeleke mara moja pamoja na chupa yenyewe, na usimtapishe.

*Dawa haitoshi watoto wote.* Usianze na wachache. Chaneni wote wenye chawa kwa kondishena leo, mfuate ratiba ya siku nne nne, na dawa mwatunzie wenye nywele zisizochanika. Ni kazi ngumu zaidi kwa mikono, lakini inafanya kazi iwapo hakuna siku itakayorukwa.